Bustani ya Nyumbani: Ua la Pentekoste



Mama mmoja wa Nguba, hapa Bukavu, ametuletea swali ambalo twadhani lawahusu wengi. Dada yake aliyeko Ubelgiji alimpelekea mizizi mitatu ya ua liitwalo peoni, ambalo Wafaransa huliita pivoine. Akaipanda mbele ya nyumba, akaitilia mbolea, akaimwagilia maji kiangazi chote. Alitaka kupamba altare ya parokia yake siku ya Pentekoste. Sasa ni mwaka wa tatu. Majani yametoka, tena machache. Ua halijaonekana hata moja.

Jambo hilo lingekuwa dogo kama lingekoma hapo. Lakini jirani amemwambia kwamba kiwanja chake kimefungwa na mtu mwenye husuda, na kwamba yuko fundi awezaye kukifungua kwa malipo. Mama huyu ni Mkristo, wala hataki kwenda kwa fundi. Hata hivyo moyo wake hautulii. Auliza: je, udongo wangu ni mbaya? Au ni mkono wangu ulio mbaya?

Jibu letu ni fupi. Udongo wa Nguba ni mwema, na mkono wa mama huyu ni mwema. Kinachokosekana ni baridi. Fedha zake azitunze, asimpe fundi hata faranga moja. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyengoja miaka mitatu. Basi na tueleze sababu zake moja moja.

UA HILI NI LA NAMNA GANI

Peoni ni mmea wenye mizizi minene kama mihogo midogo. Kila mwaka majani yake hufa, mizizi hubaki hai chini ya udongo, na majira yakifika machipukizi mekundu hutokea tena. Shina lake hufika kimo cha paja la mtu mzima, nalo hubeba ua kubwa, pana kama bakuli, jeupe au jekundu au la rangi ya waridi. Mmea mmoja ukitunzwa vema waweza kuishi miaka 50 na zaidi, hata mjukuu akachuma maua ya mmea uliopandwa na bibi yake.

Katika nchi za Ulaya peoni huchanua mwezi wa Mei na Juni, yaani karibu na sikukuu ya Pentekoste. Kwa sababu hii Wajerumani huiita kwa lugha yao waridi la Pentekoste. Wakristo wa zamani waliipenda kwa sababu nyingine pia: yafanana na waridi, lakini haina miiba. Basi wakaifanya mfano wa Bikira Maria, ambaye hakuwa na mwiba wa dhambi. Mwaka wa 1473 mchoraji Martin Schongauer wa mji wa Colmar alimchora Mama wa Mungu ameketi bustanini pamoja na Mtoto, na kando yake akachora peoni nyekundu. Picha hiyo ingali Colmar, nchini Ufaransa. Tusimshangae basi mama wa Nguba kulitamani ua hili kwa altare. Tamaa yake ni njema, tena ni ya kale.

Je, Afrika haina peoni za mwitu? Inazo, lakini ziko mbali nasi: katika milima ya Moroko na ya Aljeria, huko kaskazini, ambako theluji huanguka kila mwaka. Theluji hiyo yatuonyesha njia ya jibu letu.

USINGIZI WA BARIDI

Kiangazi cha Ulaya kinapokwisha, peoni huumba macho mapya juu ya mizizi yake. Ndani ya macho hayo, ua la mwaka ujao huanza kuumbwa, dogo kuliko punje ya ulezi. Kisha majani hukauka, na macho hulala.

Usingizi huo una hekima yake. Jua likitokea siku chache katikati ya Desemba, macho hayaamki. Maana yakiamka, baridi ya Januari itayaua. Yana kitu kama kufuli ndani yake, na kufuli hiyo haifunguliwi na jua, wala na maji, wala na mbolea. Yafunguliwa na baridi yenyewe, tena baridi ya siku nyingi. Watunza bustani huhesabu saa ambazo hewa iko chini ya digrii 7 hivi. Peoni nyingi zahitaji saa 500 mpaka 1,000 za namna hiyo. Saa 500 ni karibu siku 21, mchana na usiku. Saa 1,000 ni karibu siku 42.

Saa hizo zikitimia, kufuli hufunguka, na joto la kwanza la mwaka huuamsha mmea wote kwa nguvu. Zisipotimia, mmea huamka nusu nusu kama mtu asiyelala vizuri: hutoa shina moja au mawili, majani machache, pengine kitumba kidogo kinachokauka kabla ya kufunguka. Ndiyo hali ile ile aliyotuandikia mama wa Nguba.

Basi jirani alisema kweli aliposema kwamba kitu kimefungwa. Lakini hakukifunga mtu mwenye husuda. Mungu ndiye aliyekifunga kwa wema, ili ua lisife kwa baridi, na ufunguo wake aliuacha katika nchi za theluji.

HESABU YA NGUBA

Sasa tupime baridi yetu. Bukavu iko digrii mbili na nusu tu kusini ya Ikweta. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Kwa hiyo hewa yetu ina ubaridi mzuri, na wageni huisifu. Lakini ubaridi huo karibu ni ule ule Januari na Julai. Tuna majira ya mvua, toka Septemba mpaka Mei, na majira ya kiangazi, toka Juni mpaka Agosti. Majira ya baridi hatunayo. Usiku wetu hushuka kwa kawaida mpaka digrii 13 au 14. Tena ziwa, ambalo maji yake ya juu yana joto la digrii 23 au 24 hivi, huzuia kando zake zisipoe sana usiku. Nguba iko kando ya ziwa hilo hilo.

Mtu apandapo mlima, joto hupungua digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000. Ili usiku wa digrii 14 uwe wa digrii 7, yampasa kupanda zaidi ya mita 1,100 juu ya ziwa, yaani mpaka karibu na vilele vya Biega, wenye mita 2,790, au mabega ya Kahuzi, wenye mita 3,308. Hata huko baridi hiyo ni ya usiku tu; asubuhi jua hurudi. Tena milima hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1970, wala si mahali pa kulima bustani. Katika Nguba, saa za baridi tunazozitafuta ni sifuri.

HILA ZA NCHI ZENYE BARIDI NDOGO

Ziko nchi ambazo baridi yao ni ndogo, kama zile za kando ya bahari ya Mediterania na sehemu za kusini mwa Marekani. Watu wa huko wana hila zao. Huchagua aina zinazochanua mapema. Hupanda mizizi juu juu, macho yakifunikwa na udongo wa sentimeta mbili au tatu tu, ili baridi iyafikie. Mwishoni mwa kiangazi hupunguza maji na kukata majani, ili mmea ulale. Huukinga na jua kali la alasiri. Hila hizi ni njema. Lakini zasaidia baridi iliyopo, hazizalishi baridi isiyopo.

Yabaki hila moja, nayo ni friji. Mzizi uliopandwa katika chungu waweza kuwekwa humo majuma 8 mpaka 10, katika digrii 2 mpaka 5, udongo ukiwa na unyevu kidogo tu. Matunda yasiwe karibu nao, kwa kuwa matunda yanapoiva hutoa hewa inayodhuru macho ya mmea. Kisha chungu hutolewa nje, na pengine ua litaonekana. Lakini umeme wetu hukatika mara kwa mara, na friji ya nyumba yenye watoto ina kazi yake: maziwa, nyama, samaki, dawa ya mgonjwa. Tena kazi hiyo yahitaji kurudiwa kila mwaka.

Mama wetu akitaka kujaribu na mzizi mmoja kati ya mitatu aliyo nayo, hatumkatazi, haitamgharimu kitu. Lakini asiagize mizizi mingine. Bei yake ni kubwa, na mizizi yenye udongo wa nchi za mbali yaweza kuleta magonjwa na wadudu. Ndiyo maana serikali nyingi hutaka hati ya afya ya mimea kabla mmea haujavuka mpaka.

DALIA, TOKA MAJIVU MPAKA PENTEKOSTE

Je, altare ikose maua? Hasha. Liko ua jingine, kubwa na zuri, lenye duara nyingi za majani yake ya rangi, ambalo hata likiwekwa kando ya peoni halioni haya. Ni dalia. Asili yake ni nyanda za juu za Meksiko, nchi yenye milima, mvua na kiangazi kama yetu. Haihitaji theluji hata kidogo. Kinyume chake, theluji huiua. Hewa ya Nguba yaifaa sana.

Tena angalieni hesabu hii. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka Jumapili ya Pentekoste ni siku 95, kila mwaka, hata Pasaka ikisogea mbele au nyuma. Na kiazi cha dalia kilichopandwa vizuri hutoa maua baada ya miezi mitatu hivi. Basi mama apandaye dalia katika juma la Majivu aweza kutumaini kuchuma maua yake kwa Pentekoste. Achague zenye rangi nyekundu, ambayo ndiyo rangi ya sikukuu ile.

Kazi yenyewe ni hii:

Kwanza, gawanya viazi. Viazi vya dalia hukaa pamoja kama vidole, vimeshikwa na shingo ya shina la zamani. Jicho liko shingoni, si katika kiazi. Kwa hiyo kila kipande kiwe na sehemu ya shingo yenye jicho. Kiazi kisicho na shingo, hata kikiwa kinene, hakitachipuka.

Pili, chimba shimo la kina cha sentimeta 30, changanya udongo na mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa, kisha laza kiazi, jicho likitazama juu, na ukifunike kwa udongo wa sentimeta 10. Kati ya mche na mche acha sentimeta 60. Simamisha mti wa kuegemea siku ile ile. Ukiusimamisha baadaye utachoma viazi.

Tatu, usimwagilie sana kabla machipukizi hayajatokea. Udongo wetu mwekundu hushika maji, na kiazi kisicho na majani huoza upesi.

Nne, mche ukiwa na jozi nne za majani, kata ncha yake. Wengine huona uchungu kufanya hivyo. Lakini mche uliokatwa ncha hutoa matawi mengi, na matawi mengi ni maua mengi.

Tano, ondoa konokono kwa mkono, jioni na alfajiri. Watoto waweza kuifanya kazi hii, nayo huwafurahisha.

Baada ya Pentekoste acha majani yakauke polepole wakati wa kiangazi. Chimbua viazi mwezi wa Julai, vikaushe kivulini, uviweke mahali pakavu. Katikati ya Septemba vipande tena, nawe utapata maua karibu na Noeli. Mwezi wa Januari kata mashina, pumzisha viazi majuma machache, ugawanye, na Jumatano ya Majivu uanze tena. Kiazi kimoja cha mwaka huu chaweza kuwa vinne au vitano mwaka ujao. Hapo mama mmoja aweza kuwagawia wenzake wa shirika lake, na shirika zima likapamba kanisa pasipo kununua kitu.

MTEREMKO USISAHAULIWE

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko maua. Bukavu husifiwa kama mkono wa kijani uliochovywa ziwani, kwa sababu ya rasi zake tano. Zamani, mji ulipoitwa Costermansville, jina lililoachwa katika miaka ya 1950, nyumba nyingi za kando ya ziwa zilikuwa na bustani kubwa zenye miti. Vita vya tangu mwaka wa 1996 viliwaleta watu wengi mjini kutafuta usalama. Viwanja viligawanywa, miti ikakatwa, nyumba zikajengwa juu ya miteremko mikali. Sasa mvua ya Machi na Aprili ikinyesha, udongo mwekundu huteremka barabarani kama uji mpaka ziwani, na mahali pengine ukuta au nyumba huteremka pamoja nao. Hatuwalaumu waliojenga, mtu aliyekimbia vita hujenga anapopata nafasi. Lakini aliye na kipande cha bustani leo ana wajibu nacho.

Basi katika Nguba, kabla ya kuuliza ua lipi ni zuri, tuulize lipi hushika udongo. Usilime tuta likifuata mteremko; lilime likikata mteremko, ili maji yasimame. Kwenye ukingo wa kila tuta panda agapanto, ua la samawati litokalo Afrika ya Kusini: mizizi yake minene hufungamana kama mkeka na kuukamata udongo. Nyuma yake panda ortensia, ambayo hukua kwa tawi tu lililochomekwa udongoni wakati wa mvua. Udongo wetu una asidi, na kwa hiyo ortensia zake huelekea kuwa za samawati. Ukitia majivu au chokaa mara kwa mara, maua yatageuka polepole kuwa ya rangi ya waridi. Kwenye mfereji wenye maji panda arumu nyeupe, ambayo hupenda matope na hufaa altare na mazishi. Ila watoto wafundishwe wasitafune majani ya arumu wala ya ortensia, maana yana sumu.

Katikati, penye usawa, weka dalia zako, na kando yake lengalenga na maharagwe. Bustani ya familia hailishi macho tu. Wala usiache udongo wazi hata juma moja. Ufunike kwa majani makavu, mvua isiupige.

Bwana wetu alitufundisha kutazama maua ya shambani, ambayo hayafanyi kazi wala hayasokoti. Nasi tukiyatazama vema twaona kwamba kila moja limepewa nchi yake na majira yake. Peoni imepewa usingizi wa theluji. Dalia imepewa milima ya joto na mvua. Kutochanua kwa peoni Nguba si laana, wala si dalili ya mkono mbaya; ni mmea unaongoja majira ambayo hayaji huku. Wapo kina mama wengi wajilaumuo kwa mambo yasiyo makosa yao, na wapo watu wengi walio tayari kuwauzia dawa ya lawama hiyo. Mtu akikuambia kwamba kiwanja chako kimefungwa, tazama kwanza udongo, maji, jua na baridi. Mara nyingi utaliona jibu humo, bila malipo.

Yule mama hana haja ya kung'oa peoni zake. Aziache mahali zilipo, zimkumbushe dada yake aliye mbali. Na mbele yake achimbe shimo la sentimeta 30, tayari kwa Jumatano ya Majivu.

KAZI ZA JUMA HILI: Tazameni mifereji ya bustani, muondoe majani yaliyoziba. Lundikeni mbolea ya ng'ombe kivulini, ioze. Waulizeni majirani ni nani aliye na dalia nyekundu, mkaombe kiazi kimoja mapema.